Kadi ya arusi: nani Padre, nani Mchungaji?
Ndugu muulizaji, umetaka kujua kama neno “Mchungaji” litawatosha viongozi wote wa kanisa unaowaandikia kadi za arusi hapa Mombasa. Halitoshi. Kanisa Kuu la Wakatoliki na lile la Waanglikana yote yako Barabara ya Nkrumah, lakini majina ya heshima yanatofautiana: kasisi wa Kikatoliki huandikiwa “Padre”, na kwa kuwa Mombasa ni jimbo kuu tangu mwaka 1990, kiongozi wake huitwa “Mhashamu Askofu Mkuu”, si Askofu tu. Kwa Waanglikana, “Mchungaji” au “Kasisi” ni sawa.

Ninalokusihi uliangalie zaidi ni kadi ya yule kasisi mwanamke uliyemtaja. Usimwandikie “Mama Mchungaji”, kwa maana jina hilo kwa kawaida hueleweka kuwa la mke wa mchungaji, na bahasha moja tu yaweza kumvua daraja aliyopewa kwa kuwekewa mikono (kosa hilo nimelifanya mwenyewe, na msamaha niliuomba mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu). Mwandikie “Mchungaji”, kama wenzake wanaume. Ukibaki na shaka, mpigie simu karani wa parokia kabla kadi hazijachapwa.