Kabla hujauliza Benzi ya milango miwili inakimbia kiasi gani

Juzi usiku kijana mmoja wa Muheza kaniandikia. Kaoneshwa Mercedes-Benz CLK nyeusi ya mwaka 2004, iko Dar es Salaam, namba D, na nyuma kwenye buti imebandikwa beji ya 500. Kanitumia picha tatu, mojawapo ya dashibodi ambako namba za spidi zinaishia 260. Swali lake lilikuwa moja tu: "Shikamoo kaka. Hii inaiacha Toyota Mark X?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeona nikujibu hapa, maana tangu niilete CLK yangu Tanga naulizwa swali hilihili kila ninaposimama, kuanzia Chumbageni mpaka Kange. Hakuna anayeuliza oili inamwagwa lini wala bushi zinapatikana wapi. Wote wanataka kujua inakimbia kiasi gani.

Mimi nimekulia Makorora, nyumba isiyokuwa na hata baiskeli. Gari la milango miwili niliona kwanza kwenye kalenda iliyoning'inia kwa kinyozi, na nilikuwa naomba kunyolewa hata nywele zikiwa fupi ili nikae mbele ya ile picha. Baadaye nikaingia kwenye viungo: iliki, mdalasini na pilipili manga, kuteremsha kutoka Amani hadi Muheza, kutoka Muheza hadi mjini. Miaka ya kudunduliza nairuka, kila mfanyabiashara anaijua. Siku hela ilipotimia watu wangu wa karibu walinishauri ninunue Noah au Hiace, gari la kuzalisha. Niliwasikiliza kwa heshima, na nilichokitaka nikanunua. Sijuti hata kidogo, na kijana ukiwa na ndoto usione haya kuisema mbele za watu.

Kabla ya kuipata yangu nilioneshwa nyingine, nayo ilikuwa na beji ya 500 kama hiyo yako. Dalali alinipigia simu usiku na mchana. Injini ni lita 5, akasema, ina nguvu ya farasi zaidi ya 300, na gari kama ile nchi nzima ni za kuhesabu. Nikapanda basi alfajiri hadi Dar. Gari lilikuwa limeoshwa mpaka matairi yanang'aa. Nikaomba kadi. Ikaanza safari ya kadi iko kwa mwenye gari, mwenye gari yuko Mbezi, Mbezi kuna foleni. Nikainama chini ya kioo cha mbele nikasoma namba ya chasisi mwenyewe: WDB209342. Nikamtazama yule dalali machoni. Mtu aliyenitoa Tanga kwa nauli yangu, na kazi zangu nimeziacha, alijua fika anauza CLK 200 Kompressor yenye beji ya kubandika. Hata pole hakunipa. Mpaka leo nikikumbuka moyo unanichoma, si kwa ajili ya nauli, ila kwa kudharauliwa: mtu wa mkoani, ataelewa nini.

Basi hapa ndipo pa kuanzia. CLK za umbo hili, zilizoanza kutoka mwaka 2002, zinafanana kwa nje. Tofauti iko kwenye tarakimu tatu zinazofuata 209 kwenye chasisi. Ukiona 342 ni CLK 200 Kompressor, silinda nne, cc 1,796, farasi 163. Ukiona 361 ni CLK 240, ambayo licha ya jina injini yake ni cc 2,597, farasi 170. Namba 365 ni CLK 320, V6, yaani silinda sita, ya cc 3,199 yenye farasi 218. Na 375 ndiyo CLK 500 yenyewe, V8 ya farasi 306. Kadi ya gari nayo inaandika ujazo wa injini. Beji inauzwa dukani na gundi ipo. Kadi na chasisi ndivyo vya kusoma.

Yangu ni 365. Niliipata kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa na risiti za matengenezo ndani ya bahasha, zimepangwa kwa miaka. Nilipoiona ile bahasha nilijua nimefika. Na gari lenyewe, subhanallah! Milango haina nguzo katikati, kwa hiyo vioo vyote vinne vikishuka ubavu mzima unakuwa wazi kutoka mbele hadi nyuma. Ukikaa na kuwasha, mkono mdogo unajitokeza nyuma ya bega kukusogezea mkanda. Mama alipopanda mara ya kwanza aliushika ule mkono akauliza nani anampa mkanda. Shangazi zangu wakaingia nyuma kwa kuinama, na hawakulalamika, tukaenda hadi Raskazone upepo wa bahari ukiingia kote. Nawaambia wanaosema gari la milango miwili si la familia: familia yangu iliingia.

Sasa tuje kwenye mbio.

Kijiwe chetu cha kahawa kipo Ngamiani, kwenye hizo barabara za namba. Jioni ya kwanza nilipoegesha, kahawa haikunywewa tena. Kundi moja lilishika kwamba Benzi inafika 260 kwa sababu dashibodi imeandika 260, na Mark X mwisho wake 180 kwa sababu dashibodi yake imeishia 180. Kundi la pili, likiongozwa na kijana mwenye Mark X nyeupe ya 250G, likasema hilo ni Benzi la babu, limechoka, litaachwa kabla ya Pongwe. Wakacheka. Niliumia, nakiri, kwa sababu waliocheka zaidi ni watu niliokua nao.

Makundi yote mawili yalikuwa yanabishana juu ya namba zilizochorwa kwenye kioo. Rula ya futi tatu haimfanyi mtoto awe na futi tatu. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yamewekewa kizuizi karibu na kilomita 180 kwa saa, kwa makubaliano ya watengenezaji wa huko, ndiyo maana dashibodi zao zinaishia hapo. Haina maana injini imeishiwa. Mark X 250G ina V6 ya cc 2,499 yenye farasi 215. Yangu ina 218. Farasi watatu! Mji mzima unagombana kwa farasi watatu. Yangu inazidi nguvu ya kuvuta kutoka chini, yaani ile pikapu, kwa sababu injini ni kubwa zaidi. Yake ina gia sita za otomatiki na yangu tano. Na ukichukua ile CLK 200 ya beji bandia, yenye dashibodi ya 260, Mark X inaiacha bila ubishi. Hilo ndilo jibu la swali lako, mdogo wangu, na ndiyo sababu nimekwambia uanze na chasisi.

Yule kijana akataka tushindane usiku barabara ya Segera. Nilikataa na nitakataa tena. Barabara ile ina malori ya saruji, ina bodaboda zisizo na taa, ina watoto wanaovuka kwenda kuchota maji. Nimezika marafiki kwa ajili ya barabara ile. Tena ndani ya makazi mwisho ni 50, na trafiki wanapiga tochi kila penye kibao. Nilimwambia tupime kwa haki: kila mtu na gari lake peke yake, asubuhi, mahali peupe pasipo na watu, kutoka kusimama hadi 100 na basi, simu yenye GPS ikiwa mkononi mwa abiria. Simu, si dashibodi, kwa sababu dashibodi za magari zinaruhusiwa kuzidisha na haziruhusiwi kupunguza. Yangu mshale ukigusa 100, simu inasoma 95 hivi.

Mark X ikapata sekunde 8.8. Yangu 9.4. Nilirudi nyumbani kimya.

Lakini mimi si mtu wa kuacha jambo njiani. Kiwandani CLK 320 ilitoka ikiwa inafika 100 chini kidogo ya sekunde 8, kwa hiyo kuna farasi walikuwa wamepotea, na farasi waliopotea wanatafutwa. Injini hii ina plagi 12, mbili kwa kila silinda, na fundi wengi hubadilisha zile za mbele zinazofikika na kuziacha za nyuma. Zangu za nyuma zilikuwa za zamani, zimekwisha. Tukabadilisha zote pamoja na waya zake. Sensa ya hewa ilikuwa chafu. Oili ya giaboksi, ambayo watu wameaminishwa kwamba haibadilishwi maisha, ilitoka nyeusi. Spea nyingine zilitoka Kariakoo, kazi ilifanyika hapahapa Tanga kwa fundi mwenye mashine ya kusoma makosa na subira. Tukapima tena mahali palepale: 8.3.

Sikumpigia mtu kelele. Niliweka simu mezani kijiweni, ile rekodi ikiwa wazi, nikaagiza kahawa na kashata za watu wote. Yule kijana aliiangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza fundi wangu yuko wapi. Leo Mark X yake nayo iko vizuri kuliko ilivyokuwa, na tunasalimiana kwa heshima.

Kwa hiyo vijana, acheni kuuliza gari linakimbia kiasi gani kana kwamba mbio zimeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Gari la miaka ishirini linakimbia kadiri lilivyotunzwa. Uliza risiti. Uliza plagi. Tazama tairi: ubavuni kuna herufi ya mwisho wa spidi, S ni 180, H ni 210, V ni 240, na tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Nimewaona wanaojigamba kwa 240 juu ya tairi za mtumba zilizokakamaa. Hao hawabishani na Mark X, wanabishana na kifo, na nyuma wamempakia mtoto wa watu.

Ukinunua ile 200 Kompressor kwa bei yake halali si kosa, ni gari zuri, ila sikiliza injini ikiwa baridi, ukiiwasha wewe mwenyewe asubuhi. Cheni ya taimingi ikigonga sekunde za mwanzo, ondoka. Pitisha kidole ndani ya matao ya matairi, maana Benzi za miaka ile zinashika kutu, na sisi wa pwani chumvi hatuna pa kuikimbia. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi uone faini, kisha TARURA uone madeni ya maegesho, usije ukarithi ya mwenzio. Na wanaofikiria kuagiza moja kwa moja Japani: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000, VAT asilimia 18, halafu nyongeza ya uchakavu, kwa kuwa CLK zote umri umeshapita. Pigeni hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kuota.

Wewe wa Muheza, mwambie dalali akutumie picha ya kadi na ya namba ya chasisi chini ya kioo cha mbele, nawe unitumie mimi. Ikisoma 375, nitapanda basi na wewe hadi Dar kwa nauli yangu. Ikisoma 342, mpe bei ya 342. Hela ya kushikia usitoe hata shilingi, na akikwambia kuna mnunuzi wa Arusha yuko njiani, mwache wa Arusha alichukue.