Kupiga Picha Mabuu wa Majini kwa Nuru Iliyopolarishwa

Anayetaka kupiga picha mabuu wa mbu kwa hadubini namshauri aizungushe slaidi kabla hajagusa kamera. Majuma kadhaa niliongeza muda wa kupokea mwanga nikidhani tatizo ni giza, kumbe buu alikuwa amelala sambamba na mwelekeo wa mojawapo ya vichujio viwili vya kupolarisha, yaani vinavyopitisha tu mwanga unaotikisika upande mmoja, na akilala hivyo misuli yake mirefu haing'ai hata taa ikiwa kali namna gani.

Kichujio cha kwanza hukaa kati ya taa na slaidi, cha pili kati ya lenzi na kamera, kisha kimoja huzungushwa hadi vikatane kwa nyuzi 90 na uwanja wote uwe mweusi. Ndipo misuli, ambayo nyuzinyuzi zake zimejipanga kwa mpangilio thabiti, hujitokeza kama kanda nyeupe, na hung'aa zaidi inapokuwa nyuzi 45 kutoka mwelekeo wa vichujio. Kwa kuwa mingine hukata mwili mshazari, hiyo hufifia wakati ile ya urefu inapowaka. Kwa hiyo mimi hupiga picha kadhaa, nikimgeuza buu kidogo kidogo. Chembe za mchanga alizomeza nazo humetameta ndani ya utumbo, jambo linalonifurahisha kila mara. Buu wa Chaoborus, mdudu anayefanana na mbu, ambaye mwili wake unapitisha mwanga kama kioo, ndiye anayefaa zaidi kuanza naye.

Vyombo viwe vya kioo. Plastiki iliyotengenezwa kwa kalibu hubaki na mkazo ndani yake, na mkazo huo hutia madoa ya rangi kwenye picha. Nilikwisha kuvilaumu vichujio vyangu kabla sijatambua kwamba kosa ni la kisahani.

Ili buu atulie bila kuumizwa, paka mafuta mazito ya mgando kwenye pembe nne za kifuniko chembamba cha kioo, ukikandamize polepole, na ukome mara tu anapoacha kujinyonganyonga, huku mshipa wa moyo mgongoni ukiendelea kupiga. Vichujio vilivyokatana hupitisha mwanga kidogo mno, hivyo flashi iliyowekwa chini ya kichujio cha kwanza hufaa kuliko taa ya kawaida, kwani mmweko wake mfupi hauachi mwendo utie ukungu kwenye picha, wala haulipashi joto tone la maji. Nikimaliza, hudondosha maji pembeni mwa kifuniko hadi kiinuke chenyewe, kisha humrudisha buu chomboni.