Barua kwa mwanangu: theluji ya Kunduchi

Mwanangu,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti. Unauliza kwa nini wanafunzi wako wa mwaka wa tatu, wenye akili zao, wanakuletea kazi walizodesa, yaani walizonakili, mtandaoni, na ripoti mbili za fildi zinafanana mpaka makosa ya tahajia. Kuweka marejeo mmeshawafundisha, na bado.

Mimi nikisikia hivyo akili inanirudisha kidato cha kwanza. Miaka saba tumesoma kwa Kiswahili, ghafla kila somo Kiingereza. Mwalimu akatupa insha: eleza kazi inayofanyika kwenu. Nikaandika chumvi ya bibi yangu, yule uliyerithi jina lake, pale kwetu Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam: maji ya bahari yanavyoingizwa kwenye majaruba wakati wa bamvua, jua linavyoyakausha, naye anavyoikwangua mapema kabla mgongo haujaungua. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, kosa kwa kosa, wakacheka. Kisha akamsifu mwenzangu aliyenakili kitabuni ukurasa mzima wa mfugaji anayewaingiza ng'ombe zizini kwa kuogopa theluji. Mtoto wa Kunduchi! Hakuna aliyemuuliza theluji ameiona wapi. "Andikeni kama huyu," mwalimu akasema. Mpaka leo nikilikumbuka hilo kifua kinaniwaka.

Ndiyo maana nasema, na umeshanisikia nikilisema: mtoto haendi kuchukua maneno ya watu mpaka aaibishwe kwa ya kwake. Baada ya hapo ni miaka ya kukopi notisi, monita akiandika ubaoni na mwalimu yuko ofisini, na mtihani unampa alama akizirudisha vilevile. Mwalimu Nyerere alililalamikia jambo hili mwaka 1967 kwenye Elimu ya Kujitegemea, kwamba tunawafanya vijana waamini maarifa yote ya maana yamo vitabuni. Bibi yangu na chumvi yake hawakuwamo kitabuni.

Lakini mdogo wako alipita humohumo na hakuwahi kudesa. Na watoto wa inglishi midiamu, wanaozungumza Kiingereza tangu chekechea, nao wanadesa. Basi lugha si sababu yote. Yupo mvivu. Yupo ambaye bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, limechelewa, anashinda kwenye vibarua Mwenge, usiku amebakiwa na saa mbili za kuandika kurasa kumi. Nakubali. Hata hivyo narudi palepale: aliyeaibishwa kwa maneno yake atatafuta ya mwingine.

Na hiyo Turnitin, programu yenu ya kukagua kazi zilizonakiliwa, usiitegemee kupita kiasi. Inapima mfanano, hata nukuu iliyofungwa vizuri kwa alama zake inaweza kuihesabu. Aliyeogopa na aliyekusudia, kwayo ni sawa.

Uliuliza pia kama uwape sifuri. Hilo ni lako, na kanuni za chuo zipo. Najizuia, ingawa ulimi unaniwasha. Ninachokuomba, kabla hujajaza alama, uwaite mmoja mmoja, wakueleze kwa Kiswahili, bila karatasi, walichokiona huko fildi. Atakayeeleza, mwambie aende akaandike hayohayo, na Kiingereza chake kikiwa kibovu usimsomee wenzake. Ila atakayekuwa amemlipa mtu wa steshenari amwandikie kazi nzima, huyo sina neno la kumtetea, na unajua ningempa nini.

Mama yako