Mbwa wa manyoya mengi kwenye joto la unyevunyevu: kazi iko kwenye kukausha

Kama unaishi na mbwa mwenye manyoya mazito mahali ambapo hata nguo haziishi ubichi kwenye kamba, uchafu ni tatizo dogo. Linalosumbua ni maji yanayobaki chini ya manyoya. Wangu ana manyoya ya tabaka mbili, magumu juu na laini chini yake: juu anaonekana mkavu, lakini penyeza vidole hadi kwenye ngozi, utakuta kumelowa. Hapo bakteria na fangasi wa Malassezia, ambao huishi kwenye ngozi ya mbwa siku zote bila kumdhuru, huanza kuzaliana kupita kiasi. Uvundo unaorudi muda mfupi baada ya kumwogesha mara nyingi hutoka huko, kwa hiyo kumwogesha tena haraka haraka hakusaidii.

Mimi huchana kwanza, ndipo naogesha. Manyoya yaliyosokotana yakilowa hukaza zaidi na kufungia maji ndani. Brashi ya juujuu hudanganya. Pitisha chanuo la chuma mpaka liguse ngozi, hasa nyuma ya masikio, makwapani na kwenye mapaja. Kuogesha kwenyewe hakuna makuu: shampuu ya mbwa, si yako, kisha suuza mpaka povu liishe kabisa.

Kisha taulo. Kandamiza, usisugue, maana kusugua kunasokota upya. Baada ya hapo washa feni, au draya isiyo na moto mkali, huku ukitenganisha manyoya kwa brashi sehemu baada ya sehemu. Inachosha, na mbwa wangu hunung'unika muda wote. Usisahau katikati ya vidole na masikio yaliyolala. Pamba za vijiti usiziingize ndani.

Wengi watakushauri umnyoe kipara apate ubaridi. Kwa mbwa wa tabaka mbili sikubaliani nao: manyoya yale humkinga na jua, na yakinyolewa huweza kuota vibaya. Toa yale laini yanayopukutika, punguza ya tumboni, basi. Jamii ya poodle, mbwa wenye manyoya ya kujikunja, ni habari nyingine. Hao kuwapunguza kunawafaa.

Ukiona doa jekundu lenye majimaji analolilamba bila kukoma, usingoje kesho. Madoa hayo hutanuka ndani ya saa chache. Punguza manyoya yanayolizunguka, mzuie kulamba, umpeleke kwa daktari wa mifugo.