Kamba wa Kithai wasiwe wagumu

Dada, umeuliza kwa nini kamba wako wa Kithai wanatoa maji na kuwa wagumu kama mpira. Kikaango hakijashika moto, halafu unawarundika wote kwa mpigo. Waliogandishwa wayeyuke kabisa, kisha uwakaushe kwa kitambaa.

Twanga kitunguu saumu na pilipili, tia kwenye mafuta ya moto mkali. Harufu ikikupanda puani, tia kamba kidogo kidogo. Dakika 2 hivi zinatosha. Wakijikunja na kuwa wekundu-wekundu, malizia na kijiko 1 cha nam pla, ule mchuzi mwembamba wa samaki waliovundikwa kwa chumvi. Tia pia sukari kiduchu na majani ya mrihani, kisha epua. Chumvi usiongeze! Ndimu ikamuliwe mezani. Na anayekushauri utie kiungo cha pakiti, mwachie sufuria yake.