Barua kwa mwanangu: ukistaafu, nini kinakoma?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Mwakani unatimiza miaka 55, unataka kustaafu kwa hiari, na unauliza kama ni halali kupumzika au siku zote zilizobaki ni za Mungu pale usharikani. Tena wameshakuomba uwe mhazini.

Soma Hesabu 8:24-26. Mlawi, mtu wa kabila lililohudumia ibada ya Israeli, akifika miaka 50 aliacha utumishi wa hema ya kukutania, ile hema ya ibada iliyobebwa jangwani, lakini aliendelea kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi. Ukirudi sura ya 7 utaelewa uzito wa utumishi wenyewe: kati ya koo za Walawi, Wamerari walipewa magari manne na ng'ombe wanane, ila Wakohathi hawakupewa hata gari moja, kwa kuwa vyombo vitakatifu vilibebwa mabegani. Kilichokoma ni kubeba. Halafu tazama: sura ya 4 inataja miaka 30 ya kuanza kazi, sura ya 8 inataja 25. Walimu wa Kiyahudi wa kale walieleza kwamba ile mitano ilikuwa ya kujifunza. Nadhani waliofaa kufundisha ni hao waliokwisha kutua mzigo.

Kwa hiyo uhazini usiupokee. Waambie wamchague kijana, nawe ukae naye. Mstaafu ana muda, basi kila kamati humkumbuka yeye. Vijana wanabaki kushika vikapu vya sadaka, na siku akilazwa hospitali hakuna anayejua daftari liko wapi. Mfundishe hivi: sadaka ihesabiwe na watu watatu, kila bahasha iandikwe kabla fedha hazijachanganywa, wote watie sahihi hapohapo, na Jumatatu zipelekwe benki zote, bila kukopesha hata nauli ya mwinjilisti. Ifikapo mwezi wa sita wa kufundishwa, afunge hesabu za mwezi peke yake. Akishindwa, jiulize kwanza kama kalamu hukuing'ang'ania wewe.

Kupumzika ni agizo, si hisani ya mwajiri. Ila Jumapili yako itajaa ibada, kuhesabu na vikao, na jioni utakuwa hoi. Tenga siku nyingine, labda Jumatano, simu za kanisa zisipokelewe, na mkeo aijue siku hiyo kama anavyoijua siku ya soko. Miezi mitatu ya mwanzo usikubali cheo chochote. Nenda jumuiya, tembelea wagonjwa mkiwa wawili, dakika 20 zinatosha.

Kabla ya kuandika barua ya kustaafu, uhakikishe kwenye mfuko wako wa pensheni kwamba michango yako imetimia miezi 180, kwa sababu pungufu ya hapo pensheni ya kila mwezi haipo. Na kwenye harambee ya jengo usitaje kiasi mpaka kiinua mgongo kiingie kwenye akaunti. Kwanza toa ada ya chuo ya mjukuu wangu, ndipo ukae na mkeo muamue ahadi.

Mama yako