Pua kali ya gari na vishimo vya mpira wa gofu

Swali: Nimechonga modeli ya gari la mashindano, pua nimeinoa ikawa kama mshale, nyuma nimeacha bapa. Mwendo haujaongezeka hata kidogo. Pia, kwa nini mpira wa gofu una vishimo badala ya kuwa laini?

Jibu: Umehangaika na upande usio na tatizo. Kwa mwendo wa gari, hewa hupisha vizuri hata pua ya mviringo. Kasheshe iko nyuma. Umbo likikatika ghafla, mkondo wa hewa hujitenga na kuacha visulisuli vyenye kanieneo (nguvu ya hewa kwa kila eneo) ndogo. Mbele unasukumwa, nyuma unavutwa.

Washa mshumaa, simamisha kitabu mbele yake, kisha kipulize kitabu. Mwali utainama kukuelekea wewe! Badala ya kitabu weka chupa ya mviringo, na mshumaa utazimika, kwa kuwa hewa imefuata ubavu wa chupa hadi nyuma.

Hata hivyo, mviringo mtupu bado ni umbo baya. Waya mwembamba hukinzana na hewa karibu sawa na bawa lenye unene mara 10 ya waya huo. Ndege za mwanzo, zilizofungwa waya kila upande, ziligharimika sana kwa hilo.

Sasa vishimo. Hewa iliyo karibu kabisa na uso hupunguzwa mwendo na mnato, yaani kule kunatana kwa hewa. Tabaka hilo jembamba alilieleza mwanasayansi Mjerumani Ludwig Prandtl mwaka 1904. Kwenye mpira laini tabaka ni tulivu, huishiwa nguvu mapema na kubanduka karibu na katikati ya mpira. Vishimo hulivuruga, hewa ya kasi iliyo juu ikachanganyika na ile iliyochoka, nayo ikaendelea kushika uso mpaka mbali zaidi. Msuguano huongezeka kidogo, ila ukinzani wote hushuka hadi karibu nusu.

Lakini usikimbilie kutoboa gari lako. Kwako mkondo unabandukia kwenye kona ya nyuma, vishimo haviwezi kuubadili. Viringisha pua, ushushe mgongo taratibu, nyuzi 10 hivi. Ukikosa nafasi ya mkia mrefu, mgongo ukishateremka vya kutosha ukate wima, kona iwe kali.

Kisha gundisha vipande vifupi vya uzi mgongoni na uwashe feni mbele. Uzi ukilala, hewa imeshika. Ukicheza ovyo au kugeukia mbele, mteremko umezidi hapo.